Saa ya kwenye tiketi si saa ya milango

Je, saa iliyoandikwa kwenye tiketi ya tamthilia ndiyo saa ya milango kufunguliwa? Hapana, ni ya tamthilia kuanza. Ukumbi wenyewe kwa kawaida hufunguliwa nusu saa kabla, na dirisha la tiketi hutangulia. Anayetoa ruhusa ya kufungua milango si bawabu, ni meneja wa jukwaa, na kwanza ahakikishe: taa zijaribiwe moja moja, sauti ipimwe, kila kifaa cha waigizaji kiwe mahali pake, na kama kuna mapigano ya panga, yarudiwe polepole. Ndipo msimamizi wa ukumbi huwaingiza watu. Taa moja ikigoma, mnabaki nje, na hili hutokea zaidi siku za mwanzo za tamthilia mpya, mitambo bado haijazoeleka.

Kuchelewa ndiko kunakowaponza wengi. Huingizwi papo hapo hata kama umelipia kiti cha mbele. Unasubiri hadi pale mwongozaji alipopanga, mara nyingi onyesho moja ndani ya tamthilia linapopisha jingine, kisha unakalishwa nyuma mpaka mapumziko. Tamthilia isiyo na mapumziko huenda isikuruhusu kabisa, kwa hiyo soma masharti ya tiketi mapema.