Jibu: nimechoka na magunia, serikali inasomesha ufundi?
Kaka umeuliza kama serikali inaweza kukulipia usomee uchomeleaji uachane na kubeba magunia ya korosho ghalani. Yapo mafunzo ya uanagenzi, yaani unajifunza ufundi huku ukifanya kazi, chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ada inalipwa na serikali, ila nafasi zikitangazwa zinagombewa balaa kwahiyo wewe nenda VETA, chuo cha ufundi cha serikali, hapo Mtwara mapema ukaulize, usisubiri kuambiwa kijiweni. Halafu kama ulishashika mashine kwa fundi mtaani usianze moja, omba urasimishaji ujuzi, wanakupima kwa kazi yenyewe, unaunga geti wanakuangalia, ukifaulu unapewa cheti. Ile asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kukopesha wanawake, vijana na wenye ulemavu usiichanganye humu, ule ni mkopo, riba hakuna sawa, lakini ni mtaji wa biashara na vijana mnakopa kikundi, ukiingia na washkaji wasiorejesha utajuta. Kitambulisho cha taifa cha NIDA unacho lakini?