Kioo cha Taa ya Bwawa Kimepasuka

SWALI: Ninasimamia nyumba ya wageni huko Malindi. Taa iliyo ndani ya bwawa la kuogelea imepasuka kioo, na pete yake ya nje imeliwa na kutu. Je, ni lazima nimwage maji yote ili nivibadilishe?

JIBU: Hapana. Kwa kawaida taa ya aina hii hukaa katika tundu la ukutani, na nyuma yake huviringishwa waya mrefu wa kutosha kuifikisha ukingoni, mahali pakavu. Kabla hujaigusa, zima umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe hakuna atakayeuwasha, kwa kuwa huenda maji yameshapenya ndani. Kama taa hutumia volti 240 badala ya 12, tafadhali mwachie fundi umeme mwenye leseni.

Pete mara nyingi hushikiliwa na skrubu moja upande wa juu, itunze. Nunua kioo na pete vya modeli ileile, pamoja na mpira mpya wa kuzuia maji, maana mpira wa zamani, hata ukionekana mzima, umeshabonyea na hautaziba tena vizuri. Futa na kukausha ndani kabisa, kisha kaza skrubu za kioo kidogo kidogo kwa kupishanisha pande zinazotazamana. Zamisha taa ikiwa imezimwa: mapovu yakiendelea kutoka kwenye ukingo wa kioo, ifungue upya. Usiijaribu kwa kuiwasha nje ya maji, kwani maji ndiyo yanayoipoza.