Mpira wa Kitovuni: Kwa Nini Vidole vya Mwanangu Vilibadilika Rangi?

SWALI: Daktari, pokea salamu kutoka Kayole. Mwanangu alizaliwa njiti miezi mitatu iliyopita, akatiwa mpira, yaani mrija mwembamba, kitovuni. Siku ya pili niliona vidole vya mguu wake wa kulia vimekuwa vya samawati. Muuguzi aliuchomoa mpira papo hapo bila kunieleza lolote. Je, dawa ndizo zilizomdhuru?
Mama wa Njiti

JIBU: Mama, pole sana. Ulistahili kuelezwa siku ile ile, kando ya inkubeta.

Kitovu kina mishipa mitatu: vena moja inayoelekea kwenye ini na moyo, na ateri mbili ambazo hushuka nyongani kabla ya kuungana na mkondo unaopanda hadi kwenye mshipa mkuu wa damu. Ateri hizo zinapakana na matawi yanayolisha makalio na miguu, kwa hiyo zikijibana, au damu ikiganda humo, vidole ndivyo hutangulia kubadilika rangi. Kwa maelezo yako, nadhani mpira ulikuwa kwenye ateri, na muuguzi aliyeuchomoa upesi aliutetea mguu wa mwanao. Ateri hutumiwa hasa kupima shinikizo la damu na kuchota damu ya vipimo. Dawa zinazobana mishipa, kama adrenalini, hazipitishwi humo.

Njia ya dawa ni vena, nayo ina hatari zake. Mtoto anayehuishwa kwa dharura huingiziwa mpira sentimita chache tu, mpaka damu irudi. Mpira wa kukaa siku kadhaa, hata hivyo, lazima ncha yake ivuke kidogo kiwambo kinachotenga tumbo na kifua, na picha ya eksirei ithibitishe hivyo. Ncha ikikwama ndani ya ini, glukosi nzito, kalsiamu au bikaboneti huweza kuunguza nyama ya ini. Ikizama moyoni, inaweza kuutoboa, majimaji yakaubana moyo ukashindwa kupiga. Isitoshe, kila siku mpira unapobaki, bakteria wana mlango wa kuingilia kwenye damu.

Mara nyingi mguu uliobadilika rangi kwa muda mfupi hupona kabisa. Hata hivyo, mpeleke kliniki wiki hii, uombe miguu yote miwili ilinganishwe kwa joto, rangi na urefu, na shinikizo la damu lipimwe, kwa kuwa bonge la damu lililoganda linaweza pia kuziba ateri ya figo. Beba karatasi zote ulizopewa ulipotoka hospitalini.