Mashavu makavu kama msasa: maswali yenu kuhusu pumu ya ngozi kwa watoto

Kipupwe kikianza, simu yangu hujaa picha za mashavu. Safari hii zimetoka Njombe hadi Muscat, na karibu zote zinaonyesha jambo moja: ngozi kavu inayokwaruza, na mtoto anayejisugua kwenye bega la mama usiku kucha. Nimechagua maswali machache. Ambaye swali lake halimo, asome ya wenzake, maana jibu lake huenda limo humo.

Shikamoo dada nesi. Mwanangu ana miezi minne. Mashavu yamekuwa magumu, na mikononi ana vipele vidogo vidogo kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Duka la dawa wamesema si pumu ya ngozi kwa kuwa hakuna wekundu. Mama mkwe anasema ni mchango. Nimsikilize nani? (Mama wa kwanza, Njombe)

Marahaba, mdogo wangu. Huyo wa duka la dawa simlaumu sana. Picha nyingi alizosomea ni za watoto weupe, na kwao ngozi ikiwaka huwa nyekundu kweli. Kwa watoto wetu wekundu hujificha. Utaona kahawia iliyokolea, au zambarau iliyofifia, au kijivu kama mtoto aliyechezea majivu. Na hivyo vipele vya kuku aliyenyonyolewa ndivyo hasa tunavyovitafuta kwenye ngozi nyeusi. Ndiyo maana nawaambia akina mama wapime kwa kiganja kwanza, macho baadaye. Pitisha mkono shavuni, kisha tumboni. Ukihisi tofauti, umeshaiona.

Umri nao unalingana. Mara nyingi hali hii huanza kati ya miezi mitatu na sita, mashavuni, kichwani na upande wa nje wa mikono na miguu. Sehemu ya nepi kwa kawaida husalimika kwa sababu haikauki. Mtoto akishakua kidogo huhamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti.

Chanzo chake ni ngozi yenyewe. Wapo watoto wanaozaliwa na ngozi mfano wa chungu ambacho hakikuiva vizuri tanuruni: maji ya ndani yanavuja taratibu, na vumbi, sabuni na jasho vinapenya kuingia. Mwili unakasirika, ngozi inawasha, mtoto anajikuna, chungu kinazidi kuvuja. Mengi ya hayo ni ya kurithi. Uliza kama wewe au baba yake, au babu na bibi, kuna mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio yasiyokwisha. Kuambukiza, haiambukizi.

Mama mkwe usishindane naye. Ameona kitu cha kweli, akakipa jina alilonalo. Mkabidhi kopo la mafuta, mpe zamu ya jioni.

Mwanangu nesi, sisi wanetu tumewalea kwa mafuta ya nazi na liwa. Binti yangu ananunua losheni za bei ghali, na mtoto bado anachunika. Nani kakosea? (Bibi wa wajukuu saba, Tanga)

Shikamoo bibi. Kwa nazi umepatia. Mwaka 2014 walichapisha utafiti wa Ufilipino, watoto 117 wenye pumu ya ngozi. Wengine walipakwa mafuta ya nazi ghafi, wengine mafuta ya madini, kwa wiki nane, na wa nazi walipata nafuu zaidi. Kwa liwa nitakuomba radhi. Liwa ni harufu, na harufu kwa ngozi hii ni uchokozi, hasa ikishachanganywa na marashi. Mwachie mama wa mtoto ajipake yeye, tena asimlaze mtoto shavu kwenye shingo yenye liwa.

Mafuta ya zeituni, ambayo watu huyasifia mno, mimi siyapendi kwa mtoto mwenye ngozi hii. Yana asidi ya oleiki nyingi, na hiyo hulegeza ule ukuta wa ngozi badala ya kuubana. Alizeti ni afadhali. Lakini asiye na nazi wala alizeti asihangaike: mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na harufu wala rangi, yanafanya kazi nzuri kwa bei ndogo.

Ila bibi, kosa la binti yako nadhani haliko kwenye aina ya mafuta. Liko kwenye kipimo. Losheni ya bei ghali hupakwa kwa ubahili! Uingereza, mtoto mwenye pumu ya ngozi huandikiwa gramu 250 hadi 500 za mafuta kwa wiki moja. Huku kwetu nakutana na kopo la gramu 50 lililokaa miezi miwili, na mama anaapa kwamba anapaka kila siku. Mtoto apakwe mwili mzima, asubuhi na jioni kwa uchache, hadi ang'ae, hata siku ambazo ngozi imetulia. Chota kwa kijiko safi, si kwa vidole, na pitisha mkono kufuata vinyweleo vinavyolala, usisugue kwenda mbele na nyuma.

Na tahadhari ambayo haiandikwi sana makopo yetu: nguo na khanga zilizonyonya mafuta hushika moto haraka. Mtoto aliyepakwa, na wewe uliyembeba, muwe mbali na jiko la mkaa na kibatari.

Nina mimba ya pili. Wa kwanza alisumbuka sana na ngozi. Nikianza kumpaka huyu tangu siku ya kwanza, nitamkinga? (Mama mtarajiwa, Morogoro)

Natamani ningekujibu ndiyo. Uingereza walijaribu kwa watoto 1,394 waliozaliwa kwenye familia zenye mizio, nusu wakipakwa kila siku mwaka mzima wa kwanza. Matokeo yalitoka 2020: walipofika miaka miwili hapakuwa na tofauti ya maana. Mafuta hutuliza ngozi iliyokauka, hayazuii ugonjwa kuja. Okoa nguvu zako, utazihitaji.

Maji ya kisima chetu ni ya chumvi, sabuni haitoi povu. Ninunue maji ya madukani ya kuwaogeshea mapacha? Huwa tunaweka na kifuniko kimoja cha dawa ya kuua vijidudu. (Baba wa mapacha, Dodoma)

Baba, hela hiyo nunulia mafuta. Ni kweli kwamba maeneo yenye maji magumu kama hayo huwa na watoto wengi zaidi wenye pumu ya ngozi. Lakini Waingereza walipofunga mitambo ya kulainisha maji kwenye nyumba za watoto wenye tatizo hili, utafiti wa watoto 336 uliochapishwa 2011, ngozi haikupata nafuu kuliko ya wale waliobaki na maji yao magumu. Kinachoumiza zaidi ni kile unachokifanya maji yakigoma kutoa povu: unaongeza sabuni. Sabuni ya mche na ya magadi ziache kwa nguo. Ya mtoto iwe laini isiyonukia, na ipite tu shingoni, makwapani na sehemu za nepi. Kwingine maji yanatosha, mapacha hawalimi shamba.

Hicho kifuniko cha dawa kiachwe leo. Kinakausha na kuchoma. Mwarobaini nao, kwa walionitumia swali hilo, ninauweka kapu hilohilo.

Kuogesha ni mara moja kwa siku, maji vuguvugu ya kupima kwa kiwiko, dakika tano hadi kumi. Kisha mkaushe kwa kugusagusa na khanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikalainika, na mafuta yapakwe ndani ya dakika tatu, ngozi ingali na unyevu. Beseni utalimwaga baadaye.

Kuna krimu ya mchanganyiko niliuziwa dukani. Siku mbili tu mashavu yaling'aa. Nikiiacha, tatizo linarudi mara mbili, kwa hiyo napaka kila siku. Huu ni mwezi wa tatu. Mtoto ana miezi saba. (Mama, Mbagala)

Swali hili lilininyima usingizi, dada yangu, na sikuandikii kukulaumu. Krimu hiyo inauzwa kama pipi.

Geuza tyubu usome maandishi madogo. Mara nyingi humo mna vitu vitatu: dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi, yaani dawa ya kutuliza ngozi inayowaka. Ukiona klobetasoli au betamethasoni, hiyo ni steroidi yenye nguvu, na ndiyo iliyong'arisha mashavu kwa siku mbili. Ngozi ya kichanga ni nyembamba, na usoni ni nyembamba zaidi. Dawa inapenya hadi kwenye damu, ngozi inazidi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinazunguka mdomo. Ikipakwa miezi mingi, mwili wa mtoto unaweza kuacha kutengeneza steroidi yake ya kawaida, ile anayoihitaji anapougua. Kwa hiyo usiendelee kivyako, na usiiache ghafla kivyako. Wiki hii hii nenda na mtoto na tyubu yake hospitali, waambie miezi mitatu bila kuficha, wakupangie namna ya kuipunguza.

Wengine wakisoma haya watatupa kila tyubu ndani ya nyumba. Msifanye hivyo. Steroidi nyepesi, haidrokotisoni ya asilimia 1, ni dawa nzuri ngozi inapowaka, ikiandikwa na mtaalamu: mara moja au mbili kwa siku, kwa siku chache, mpaka ngozi ilainike. Kipimo ni ncha ya kidole: kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi kwenye kiungo cha kwanza. Hiyo ni kama nusu gramu, na kwa mtoto wa miezi mitatu hadi sita inatosha uso na shingo. Nimeona watoto wakiteseka kwa mama aliyeogopa dawa sawasawa na wale wa mama aliyeizidisha.

Na wale wanaojipaka mkorogo, mjue ndani yake mara nyingi mna klobetasoli ileile, au zebaki. Shavu la mtoto linalalia kifua hichohicho.

Wifi kanikataza mayai, dagaa na karanga kwa sababu nanyonyesha mtoto mwenye ngozi mbaya. Na uji wa lishe tuuache? (Mama wa miezi sita, Mwanza)

Mwanza bila dagaa utaishi kwa nini? Kula. Kwa watoto wengi chakula cha mama si chanzo, na mama anayejinyima hudhoofika bure. Endelea kunyonyesha.

Kuhusu karanga, mambo yamegeuka kabisa. London walichukua vichanga 640 wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai, wengine wakalishwa karanga mapema, wengine wakanyimwa hadi miaka mitano. Mwaka 2015 ikajulikana kwamba walionyimwa ndio waliopata mzio wa karanga kwa wingi zaidi, mara nyingi zaidi ya wenzao. Uji wetu wenye unga wa karanga ulikuwa mbele ya wakati wake. Mtoto ambaye ngozi yake ni mbaya sana, au aliyewahi kuvimba midomo au kutapika papo hapo baada ya chakula fulani, aonwe na daktari kabla hajaanzishiwa. Wengine waanze kidogo kidogo. Zisiwe karanga nzima, zinapalia.

Nyumbani sote tunajikuna, usiku ndiyo zaidi. Mtoto ana vipele hadi viganjani na nyayoni. Nimempaka mafuta wiki tatu bila nafuu. (Mama, Likoni)

Huo unanukia upele, wa wadudu, si pumu ya ngozi. Viganja, nyayo, katikati ya vidole, na familia nzima kujikuna: dalili zote umeziandika mwenyewe. Nendeni kituo cha afya pamoja, mpakwe dawa siku moja wote, hata asiyejikuna, na matandiko yafuliwe na kuanikwa juani. Dawa ya mtoto wapime wao, usimpake ya watu wazima.

Huku joto ni nyuzi 45, AC haizimwi mchana wala usiku. Mtoto anakauka kama karatasi. (Mama, Muscat)

AC inanyonya unyevu, joto linaleta jasho linalowasha, umebanwa kati. Iache AC iwake, ila isimpulizie mtoto moja kwa moja, na ongeza mizunguko ya mafuta iwe minne. Mvishe pamba nyepesi. Na ninyi wa Dar mnaomvisha mtoto sweta na kofia ya sufu mwezi wa pili, nawaona.

Tangu jana mashavu yanatoa majimaji na kuganda manjano kama asali. Nisubiri kliniki ya wiki ijayo? (Baba, Kigoma)

Usisubiri. Bakteria wameingia, anahitaji kuonwa kesho asubuhi. Na kama kuna vidonda vidogo vya duara vilivyochimbika, vyote vya ukubwa mmoja, pamoja na homa, ondoka sasa hivi, hata usiku. Hivyo ni virusi vya herpesi, vilevile vinavyoleta vidonda vya homa mdomoni kwa watu wazima, na kwa ngozi hii husambaa haraka. Mwenye kidonda mdomoni asimbusu mtoto, hata akiwa babu. Zahanati wakikwama, ombeni rufaa. Wapo wataalamu wa ngozi waliosomea kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwenye hospitali ya KCMC, Moshi, kinachofundisha tangu 1992, na baadhi yao wako kwenye hospitali za mikoa.

Walinirudisha kliniki, wakasema mtoto mwenye ngozi hii asichanjwe surua. (Mama, Singida)

Rudi. Ya miezi tisa anastahili kama wenzake. Sindano ichomwe mahali ambapo ngozi ni nzima, basi.

Ngozi imetulia, lakini ameachiwa madoa meupe mashavuni. Nimpake nini yaondoke? (Mama, Kahama)

Mafuta yaleyale. Rangi hurudi yenyewe, ila inachukua miezi, na kila siku ukimtazama utadhani hakuna kinachobadilika. Mpige picha kila tarehe mosi, dirishani, mwanga uleule.