Mwulizeni Mwenye Kikapu

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: "Je, kila supamaketi iwe na mhudumu maalumu wa kuwasaidia wateja wenye ulemavu?" Jibu lililonijia lilikuwa hapana, tena hapana ya ukali, na nilikuwa tayari kulituma hivyo hivyo. Nikaona mtanielewa vibaya, mkadhani mimi ni katika wale wanaokereka kuona mtu anasaidiwa. Basi niruhusuni nijibu kwa urefu, na niruhusuni pia nilipinde swali kidogo. Ninyi mnauliza nani amsaidie mteja. Mimi nataka kwanza kujua ni nani aliyemfanya ahitaji kusaidiwa.

Mdogo wangu wa kike anatumia kiti mwendo. Ni mtu mzima, ana kazi yake na mshahara wake, na ana ubahili ambao ukoo mzima unaujua. Hanunui sabuni mpaka ageuze pakiti, asome uzito, alinganishe na ya pembeni yake, airudishe, halafu aichukue tena ile ya kwanza. Kwenda naye dukani kungehitaji subira hata kama angekuwa anatembea. Hilo naliweka wazi mapema ili msije mkadhani nawaletea habari za malaika.

Sasa pigeni hesabu ya mikono tu. Mtu anayeendesha kiti chake mwenyewe, mikono yote miwili iko kwenye magurudumu. Troli ataisukuma na nini? Anabaki na kikapu mapajani, ambacho kikishajaa kidogo kinateleza kuelekea magotini kila anapofunga breki. Nikimsukuma mimi, mikono yangu nayo imekwisha. Kwa hiyo tunafanya wanachofanya wengi wenye familia ya namna yetu: namsogeza mtu mbele, narudi kuvuta troli, namfikia, naanza upya. Mzazi mwenye mtoto mkubwa asiyeweza kukaa bila kuegemezwa ana shida kuliko mimi, maana kile kikalio cha kwenye troli kimetengenezwa kwa mtoto mdogo anayejishikilia mwenyewe. Mtoto akishakizidi kimo, mzazi ama amwache nyumbani ama anunue vinavyoenea kwenye mkono mmoja. Wala si kwamba dawa haijapatikana. Kuna troli zenye kiti kikubwa na mikanda, kama ile iitwayo Caroline's Cart, iliyobuniwa na mama mmoja wa Alabama, Marekani, kwa ajili ya binti yake. Kuna na zile zinazonaswa mbele ya kiti mwendo. Mtu wa manunuzi akiamua kuziagiza, zinakuja.

Huyo mhudumu maalumu mnayemuulizia, sisi tumeshakutana naye. Duka silitaji. Lilikuwa kubwa, jipya, lina rampu mlangoni, milango inafunguka yenyewe, na kwenye maegesho wamechora kile kiti cheupe juu ya rangi ya buluu. Nilipoyaona hayo nilijua leo tutafanya manunuzi kama watu.

Kijana akatujia mbio, aproni safi, beji kifuani, tabasamu. Bila salamu akashika vishikio vya nyuma ya kiti akaanza kusukuma. Mdogo wangu akafunga breki. Kiti kikagoma ghafla na kikapu kikaenda chini. Kijana akaokota, akaniangalia mimi, akauliza: "Anataka nini?" Nikamwambia, muulize mwenyewe. Akainama, akapandisha sauti utadhani ulemavu ulikuwa masikioni: "Unataka nini, mama?" Mdogo wangu akamjibu kwa sauti yake ya kawaida kwamba anataka kuangalia.

Hapo kijana akakwama. Angeambiwa alete kitu fulani angekileta kabla hujafumba jicho. Lakini kuangalia? Tukafika kwenye losheni, ambazo zilikuwa shelfu ya juu kabisa. Akateremsha chupa. Mdogo wangu akaigeuza, akasoma nyuma, akaomba ile ya pembeni. Akateremshiwa, na ya kwanza ikarudishwa juu. Akasoma, akaiomba tena ya kwanza. Kijana hakusema neno baya, nasema haki ya Mungu. Alihamisha tu uzito kutoka mguu huu kwenda mguu huu, na jicho likakimbilia saa ya ukutani. Basi ikatosha. Mdogo wangu, yule yule niliyewaeleza, akaweka kikapuni chupa iliyokuwa mkononi akasema twendeni. Sijawahi kumwona akinunua kitu bila kuuliza bei, si kabla wala baada ya siku hiyo.

Zikafuata pedi. Hizi zilikuwa shelfu ya chini, pazuri kabisa kwa mtu aliyekaa, ila katikati ya njia walipanga mnara wa maboksi ya ofa. Kiti mwendo kinahitaji kama sentimita 90 kipite kwa raha. Bila shaka siku ya ufunguzi zilikuwepo, mtu alizipima na kuzitilia saini, kisha maboksi yakaja yakazila. Mdogo wangu hakuweza kuingia. Kijana akaingia peke yake na kutokea huko ndani akapaza sauti: "Zenye mabawa au zisizo na mabawa?" Watu wakageuka. Bwana mmoja aliyekuwa anachagua viwembe ghafla akawa msomaji hodari wa maelezo ya viwembe. Mdogo wangu akajibu kwa sauti ile ile: "Zenye mabawa, na unitajie bei!" Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Kwenye kulipia, kaunta pana ilikuwepo, yenye alama yake juu. Ilikuwa imefungwa kwa mnyororo na nyuma yake wamerundika kreti tupu. Mwenye ufunguo alikuwa ametoka kula. Keshia wa kaunta ya jirani akaja na ufumbuzi: mimi nipite na vitu nilipie, mdogo wangu azungukie mlango wa kuingilia tukutane nje. Yaani bidhaa zipite huku, mwenye pesa apite kule. Mdogo wangu akakataa, akasogea mpaka mahali kiti kilipoishia, akanyoosha kadi. Kadi ikapita mkononi mwa kijana, ikaja kwangu, ikaenda kwa keshia. Mashine ya kadi ilikuwa imefungwa kwa skrubu juu ya kibanio chake, kwenye usawa wa kifua cha mtu aliyesimama, na waya wake haukufika hata ukingoni mwa kaunta. Keshia, kwa nia njema kabisa, akamwita kwa juu ya vichwa vya foleni: "Namba yako ya siri ngapi, dada?"

Nililipa kwa pesa yangu. Alinirudishia kwa simu kabla hatujavuka mlango, mpaka senti ya mwisho, na njia nzima ya kurudi hatukuongea habari za duka.

Nimewachosha na mkasa huu, najua, lakini kila ninaposikia "mhudumu maalumu" ninaona yule kijana ndani ya ile njia, na sauti yake. Na kuna jambo jingine linalonikera zaidi ya sauti. Zamani dukani hukuwa unagusa kitu. Ulisimama nje ya kaunta, ukataja unachotaka, muuzaji akakuletea alichoona kinakufaa. Mwaka 1916 Clarence Saunders akafungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, ambamo mteja alipita kwenye geti la kuzunguka, akachukua kikapu, akajichagulia mwenyewe, akaenda kulipa mwishoni. Mwaka 1937 Sylvan Goldman wa Oklahoma akaongeza troli, kwa sababu kikapu kikiwa kizito mteja anaacha kununua. Kila kilichokuja baadaye kimejengwa juu ya hayo mawili: mkono wako na jicho lako. Kazi ya muuzaji akapewa mnunuzi, na malipo yake ni kwamba anachagua kwa nafasi yake, bila mtu kumkodolea macho. Geti la kuzunguka, kikapu, shelfu ndefu: vyote vilipimwa kwa mtu aliyesimama mwenye mikono mitupu. Leo mkimpa mdogo wangu mhudumu badala ya njia pana, mmemrudisha nje ya kaunta ya kabla ya 1916, huku sisi wengine tukitembea ndani.

Hapo ndipo nilipopanga kumalizia. Nikataka kupigilia msumari kwa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ule wa 2006, ibara ya 9, inayohusu ufikivu. Nao haukuniangusha: unazitaka nchi zihakikishe kwamba hata watu binafsi wanaotoa huduma kwa umma wanazingatia ufikivu kwa pande zote. Duka la mtu binafsi limo, hakuna kujificha. Lakini ukiendelea kushuka kwenye ibara hiyo hiyo unakuta pia usaidizi wa watu: waongozaji, wasomaji, wakalimani wa lugha ya alama, ili majengo yaliyo wazi kwa umma yafikike. Ilinikera kidogo, maana nilitaka uwe upande wangu tu.

Na ukweli ni kwamba jirani yetu asiyeona alishaniambia jambo hilo hilo bila mkataba. Njia pana kwake ni upepo tu. Chupa mbili zenye umbo moja, moja ya kuoshea nywele na nyingine ya kusafishia choo, kwenye vidole vyake ni chupa moja. Zile mashine za kujilipia zenye skrini ya kugusa ni kioo kilaini kisicho na kitufe. Isipokuwa ziwe zinaongea, hana pa kuanzia. Yeye anataka mtu, mwenye macho na subira, amsomee. "Ninyi wa kiti mnataka watu wawapishe," aliniambia, "sisi tunataka waje."

Hata shelfu zenyewe, nikizifikiria bila hasira, hazina jibu safi. Marekani ina sheria kali tangu 1990, na viwango vyake vinapima mpaka urefu ambao mkono wa mtu aliyekaa unaweza kufika, kama sentimita 122. Lakini viwango hivyo hivyo vinaziruhusu shelfu za kujihudumia zizidi hapo. Panga bidhaa zote za supamaketi chini ya kimo hicho na utahitaji sakafu kubwa zaidi, na mwendo mrefu zaidi kwa yule asiyeweza kwenda mbali. Kwa hiyo hata katika duka lililojengwa kwa haki, ipo siku mdogo wangu atamwomba mtu amteremshie chupa.

(Kuna na mtindo wa saa tulivu. Morrisons ya Uingereza ilianza 2018: saa moja Jumamosi asubuhi, muziki unazimwa, taa zinafifishwa, milio ya kaunta inapunguzwa. Kwa familia yenye mtoto mwenye usonji ni nafuu ya kweli na siibezi. Nauliza tu kwa nini muziki usipunguzwe na siku nyingine, maana sijawahi kukutana na mteja aliyekwenda supamaketi kusikiliza muziki.)

Basi, mhariri, baada ya kuandika yote haya kura yangu iandikeni ndiyo. Ndiyo yenye masharti, na mkikosa nafasi ya masharti bora msiichapishe. Huyo mhudumu asiwe badala ya kaunta pana. Aanze kazi kwa kuondoa kreti na kutoa maboksi njiani, kazi isiyohitaji bajeti wala mkataba wa kimataifa. Mashine ya kadi ifunguliwe skrubu imfuate mwenye kadi. Kiti cha mtu asikiguse bila kuruhusiwa, maana kwa aliyekikalia ni sehemu ya mwili wake. Aongee na mwenye kikapu, si na aliyesimama nyuma ya kiti. Na mwajiri wake asimpime kwa idadi ya wateja aliowahudumia kwa saa, kwa sababu nina hakika saa ya ukutani ndiyo iliyomsukuma yule kijana kuliko roho yake. Nikimfikiria leo, alikuwa mtu mwema aliyepewa beji bila kufundishwa. Afadhali wafundishwe wafanyakazi wote, beji ibaki kwenye droo. Hapo tena sijui kama nimejibu swali lenu au nimelikataa.

Mdogo wangu nimemsomea mpaka hapa. Anasema kwamba pedi sikupaswa kuzitaja, lakini kwa kuwa nimeshazitaja niache. Kuhusu mhudumu, yeye bado ni hapana, na mkihesabu kura msituhesabu pamoja.