Barua kwa mwanangu: mjukuu akija Mombasa na usingizi wa Toronto

Mwanangu,

Salamu zako tumezipata, na sisi huku hatujambo. Baba yako ameshaanza kupaka rangi chumba cha nyuma kana kwamba mnafika kesho.

Umeniuliza kama uanze kumbadilishia mtoto saa za kulala mkiwa bado huko, ili Desemba akifika Mombasa awe ameshazoea. Usijitese. Mwezi huo kati yenu na sisi ni saa 8. Ukitaka kuzimaliza zote kabla ya safari, itabidi mtoto wa mwaka na nusu umlaze saa 5 asubuhi na umwamshe saa 4 usiku, na wewe kazini utaenda saa ngapi? Siku chache za mwisho mlaze mapema kidogo kidogo, robo saa leo, robo kesho, mpaka uwe umesogeza saa moja nzima. Zaidi ya hapo ni kumchosha bure. Mwili wenyewe husogea kiasi cha saa moja hivi kwa siku, na kuja mashariki ndiko kugumu, maana unamtaka mtu alale kabla usingizi haujamjia. Kwa hiyo wiki ya kwanza ichukulieni kuwa ya mtoto. Safari ya Lamu tutaizungumza baadaye.

Unachotakiwa kubeba kutoka huko ni mpangilio wake. Kama mnaanza na kuoga, kisha maziwa, kisha kitabu, kisha taa inazimwa, basi na hapa iwe hivyo hivyo, kwa mfuatano huo huo, hata mkiingia nyumbani usiku mmechoka. Mtoto wa umri huo hajui saa, lakini anajua vizuri sana kwamba baada ya kitabu ni kulala. Mletee na kile kijishuka anachokishika, na usikifue kabla ya safari, kije na harufu yake. Nguo nzito za kulalia ziache. Desemba kwetu unaijua, usiku wenyewe una fukuto. Fulana ya pamba na nepi vinamtosha, na feni isimpulize usoni.

Sasa nikueleze usiku wa kwanza utakavyokuwa, usije ukadhani anaumwa. Umeniambia huko hulala mchana saa 7. Saa 7 mchana ya Toronto ni saa 3 usiku huku. Utamlaza saa 2 au saa 3, atalala kama gogo, nawe utamshukuru Mungu. Saa 5 usiku ataamka, macho makavu, anataka kucheza, kwa sababu kwa hesabu ya mwili wake amemaliza usingizi wa mchana. Ikifika saa 7 usiku atalia njaa, na ni njaa ya kweli: kwenu ni saa 11 jioni, chakula cha jioni kiko mezani. Wengi hapo humpa mtoto titi au chupa na kumbembeleza alale, wakashangaa halali. Mpe chakula. Nitaweka ndizi mbivu na uji kwenye chupa ya chai, kando ya kitanda. Ale kidogo, bila mazungumzo mengi, taa ikiwa ile ndogo ya ukutani. Usiku unaofuata punguza, na mchana umjazie zaidi, hadi tumbo nalo lihamie Mombasa.

Simu na televisheni usiku huo ni marufuku, hata kama analia. Ule mwanga ndio adui. Na akiamka abaki ndani ya chandarua. Hili nalisema kama mama na kama muuguzi. Mbu wa malaria huuma usiku, na hizo saa atakazokuwa macho ndizo zao. Mtoto aliyezaliwa Toronto hana kinga yoyote ya malaria, si kama watoto wa hapa mtaani. Kwa hiyo muingie wote wawili chandaruani, mcheze humo na vikombe vya plastiki, umwimbie, mpaka saa 9 usingizi wake utakapokuja wenyewe. Dawa ya kuzuia malaria mwone daktari mapema, maana dozi yake hupimwa kwa uzito wa mtoto na nyingine huanzwa wiki kadhaa kabla ya safari. Mwambie pia unahangaikia usingizi wake: mefloquine, mojawapo ya dawa hizo, huweza kuleta ndoto mbaya na kukosa usingizi, na zipo nyingine za kuchagua.

Asubuhi usimwache alale mpaka adhuhuri, ingawa utatamani na wewe ulale. Saa 3 au saa 4 mwamshe polepole. Lakini siku ya kwanza na ya pili usimkimbize juani asubuhi. Wengi watakwambia mtoe nje mapema azoee, na kwa mtu aliyetoka London wangekuwa na haki. Kwa aliyetoka Toronto, saa 1 asubuhi yetu mwili bado uko saa 5 usiku ya kwao. Ukimpiga mwanga mkali wakati huo, mwili unaelewa kwamba jioni haijaisha na kuuchelewesha usingizi zaidi. Mwanga unaomvuta kuja upande wetu ni wa kuanzia adhuhuri. Basi asubuhi pazia zishushwe, acheze sebuleni. Mchana akae barazani kivulini, maana kivuli cha nje kina mwanga mwingi kuliko chumba chenye taa. Alasiri twende Mama Ngina, kule ufukweni, akaone meli na kula mihogo. Kila siku inayofuata utoke mapema kidogo kuliko jana. Mungu ametusaidia kwamba hapa jua huzama saa 12 na nusu na giza huingia mara moja, si kama kiangazi cha huko ambapo saa 3 usiku mnawalaza watoto bado kuna mwangaza.

Usingizi wa mchana asinyimwe, ila saa 10 alasiri awe ameshaamka. Na usihesabu usiku peke yake. Mtoto wa mwaka 1 hadi 2, Shirika la Afya Duniani linasema alale saa 11 hadi 14 kwa siku, na usingizi wa mchana umo humo. Siku za kwanza zitakuwa vipande vipande. Vijumlishe kabla hujaanza kulia.

Kuna kitu nimekisikia kwenye simu mara mbili, kwamba rafiki yako humpa mwanawe dawa ya mafua kwenye ndege ili alale. Usithubutu. Dawa hizo nyingine zina promethazine, na hiyo haitakiwi kabisa kwa mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa sababu inaweza kumzuia kupumua. Wengine zinawageuza, badala ya kulala wanaruka usiku kucha. Melatonin nayo, ile ya kuleta usingizi, hata kama huko inauzwa dukani bila cheti, usimpe kabla hujazungumza na daktari wake.

Kazi ngumu kuliko zote si saa, ni watu. Shangazi zako wanamngoja, na unawajua, watafika na sahani za mahamri saa 3 usiku wambebe mikononi mmoja baada ya mwingine. Nimeshawaambia kila mmoja: siku tatu za kwanza ziara ni baada ya alasiri, na adhana ya magharibi ikisikika kila mtu kwao. Mmoja amenuna. Atatulia.

Kurudi kutakuwa na afadhali kidogo, kwa kuwa kuchelewesha usingizi ni rahisi kuliko kuuharakisha. Ila mtarudi Januari, na jua la huko ni la kuvizia. Mfunge makoti umtoe kuanzia adhuhuri hadi linapozama, na jioni uwashe taa zote za nyumba mpaka wakati wa kuoga. Saa 4 usiku ya Toronto atadhani kumekucha Mombasa; mpangilio ni ule ule, giza na chakula kidogo. Omba siku mbili kazini kabla hujampeleka kwa mlezi wake.

Nijibu haraka juu ya kitanda: atalala nawe, au nitafute kile kidogo cha mbao kwa jirani? Fundi wa vyandarua anataka vipimo kabla ya Ijumaa, na baba yako ameshampa vipimo vya kitanda sicho.

Mama yako