Kabla hujaandika rufaa Muhimbili

Wadogo zangu mnaoripoti Muhimbili kwa mafunzo kwa vitendo, wiki ya kwanza msijifungie wodini. Tembeeni. Ndani ya eneo lile la Upanga mna taasisi zaidi ya moja, na daktari asipozijua, anayeumia ni mgonjwa.

Mambo haya yana historia yake. Hospitali ya Sewa Haji, iliyopewa jina la mfanyabiashara aliyeichangia, ilianza mwaka 1897. Mwaka 1956 ikafunguliwa Princess Margaret, ambayo baada ya Uhuru ndiyo ikaja kuitwa Muhimbili. Shule ya udaktari ikaanza 1963. Kuanzia 1976 hospitali na mafunzo vilikaa chini ya uongozi mmoja, baadaye vikatengana tena, na chuo ndicho hiki tunachokiita MUHAS, yaani Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, tangu 2007. Ndiyo maana bingwa anayewaongoza kwenye raundi anaweza kuwa mwajiriwa wa chuo, na sista anayeshika wodi ni wa hospitali. Ulizeni mapema nani anaamua nini, hasa usiku.

Huduma nazo zikazaa taasisi: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, mwaka 1996, kisha Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, JKCI, mwaka 2015. Kila moja ina mapokezi yake na malipo yake. Matibabu ya mionzi kwa wagonjwa wa saratani yako Taasisi ya Saratani Ocean Road, nje kabisa ya eneo hilo.

Hapa kwenye MOI naomba mnisikilize vizuri. Wengi wanaijua kwa mifupa tu: ajali za bodaboda, nyonga, magoti. Lakini upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu uko hapohapo. Mama akija na mtoto mwenye kichwa kikubwa, au mgongo wazi, huko ndiko anakotakiwa kufika. Nimewaona mama wa namna hiyo wakizungushwa dirisha hadi dirisha, mtoto begani, bahasha ya vipimo kwapani, na kila dirisha likimwonyesha jingine. Mtoto yule maji yanajaa kichwani. Kila siku inayopotea inaugandamiza ubongo. Inauma, kwa sababu dakika tano za kumsindikiza zingetosha. Andika jina la kliniki na jengo kwa herufi zinazosomeka, piga simu kwa daktari wa zamu wa upande ule, halafu mwambie mama kwa Kiswahili chepesi anakokwenda na kwa nini.

Upandikizaji wa figo na wa vifaa vya kusaidia kusikia ulianza Muhimbili mwaka 2017, kwa hiyo msikubali kumwambia mgonjwa kwamba lazima aende India kabla hamjamuuliza bingwa husika.

Na ndugu akikunong'oneza kwamba fedha zimekwisha, usimwache aondoke na mgonjwa wake. Mpeleke ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyohiyo, faili likiwa na maelezo kamili, maana bila hayo ofisa hana pa kuanzia.